Bega la Pembe ya Ndovu

Kama wiki hii umeambiwa kwamba damu yako itaanza kusafishwa kwa mashine, kaa kitako nikwambie mambo ambayo mimi sikuambiwa. Sitakueleza figo inafanya kazi gani. Sijui vizuri, na walionieleza walieleza haraka. Nitakueleza kiu, viti vya kungojea, na binti yangu Saada, maana hayo nayajua.

Naishi Likoni, nyuma ya barabara ya kuteremkia Shelly Beach. Nashona kofia za kiume, zile za kutoboa kwa sindano. Shule niliishia darasa la nane. Mwanangu wa kwanza, Sudi, alikufa kwa ajali ya pikipiki, na baada ya arubaini yake sikulia tena. Nilinyamaza tu. Basi miguu yangu ilipoanza kuvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo kama kwenye unga uliokandwa, nikadhani najua sababu. Majirani nao walisema machozi yasiyotoka machoni huteremkia miguuni. Niliamini hivyo karibu mwaka mzima. Ilikuwa imani nzuri, kusema kweli. Nilijiona namchukua mwanangu mwilini, nikitembea naye. Pete ikakataa kutoka kidoleni, uso ukajaa, kila chakula kikawa na ladha ya chuma, na mimi naona ni msiba unaendelea na safari yake.

Siku moja ya kaskazi, joto limesimama nyumbani kama mtu, nilianguka jikoni. Nilipozinduka nilikuwa mjini hospitalini, nina mrija shingoni, na Saada ameketi chini sakafuni ameshika viatu vyangu.

Tangu hapo wiki yangu ikawa na siku mbili tu, Jumatatu na Alhamisi. Alfajiri kuvuka feri, kisha mizani, kisha kiti. Mizani ndiyo hakimu. Hupimwi unene, unapimwa maji uliyokunywa tangu mara iliyopita, na hapo huwezi kudanganya. Kisha unaketi saa nne, damu yako inatoka inazunguka inarudi, na unaiona kwenye mrija, nyekundu, tulivu, kana kwamba si yako. Baridi inaingia kutoka ndani. Unapata usingizi usio usingizi. Katika usingizi huo niliona sana mtungi wa bibi yangu, ule aliokuwa akiufukiza ubani kabla ya kuujaza, maji yakatoka na harufu ya moshi mtamu. Nilikuwa nautazama tu. Hata ndotoni nilikuwa naogopa mizani.

Kiu ndiyo ugonjwa wenyewe, nakwambia. Niliruhusiwa nusu lita kwa siku, chai na mchuzi ndani yake. Saada aliipima asubuhi kwenye chupa kabla ya kwenda kazini kiwandani Changamwe, akaiweka mezani, akasema, "Hii ndiyo siku yako nzima, Mama." Nami nikaigawa kwa kikombe cha kahawa. Ulipofika mwezi wa Ramadhani daktari alinikataza kufunga. Nyumba nzima wamefunga, mimi nakunywa mchana, na bado nilikuwa na kiu kuliko wao wote. Magharibi wakifungua kwa glasi kubwa za ukwaju, nilikwenda kukaa uani niwape kisogo.

Kosa langu kubwa nililifanya hapo. Hapa pwani kila mtu ajua kwamba dafu ni dawa ya figo. Jirani aliniletea mawili, yamechongwa vizuri, na nikayanywa yote kwa siri, moyo umetulia kabisa, kwa sababu niliambiwa nipunguze maji na hakuna aliyeniambia nipunguze dawa. Kabla ya saa sita ya usiku moyo ulikuwa ukirukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Walinivusha mbio. Nilipokwisha kuunganishwa na mashine, muuguzi akaniinamia.

"Mama, umekunywa dafu?"

"Moja."

"Moja?"

"Mawili."

Akavuta kiti akaketi, kama mtu aliyechoka kusema jambo lile lile. "Lina kitu ambacho figo nzima hukitoa nje. Zako hazikitoi. Kinakwenda kusimamisha moyo. Kwa nini hukuuliza?"

Sikuwahi kuwa mtu wa kuuliza. Nyumbani kwetu mtoto aliyeuliza aliambiwa ana mdomo, na mimi nikakua sina mdomo. Sikuuliza miguu inavimba kwa nini. Sikuuliza hata kile kitu cha kwenye dafu kinaitwaje.

Mvua za masika zilipoanza, mrija wa shingoni ulitolewa, nikaanza kuchomwa sindano za mashine kwenye mshipa niliotengenezewa mkononi. Mpaka leo ukiweka kiganja hapo utasikia mngurumo kama wa paka. Jioni moja Saada alikuja kunichukua, na tukiwa tunangoja feri akanunua viazi karai kwa Bi Mwanakombo, mama mtu mzima anayekaanga pale karibu. Mimi viazi nimekatazwa. Saada alipomaliza nikamwomba karatasi aliyofungiwa, niwe na kitu mkononi. Yeye amekula viazi, mimi nikala karatasi.

Ilikuwa ukurasa wa kitabu, wa Kiingereza, umelowa mafuta mpaka maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. Nikasoma polepole. Palikuwa na mtu mmoja wa Wayunani wa kale, jina lake Tantalo, aliyesimamishwa ndani ya ziwa kuzimu. Maji yalimfika kidevuni. Akiinama anywe, maji yanakauka mpaka kwenye vidole vya miguu. Akisimama, yanapanda tena mpaka kidevuni. Hivyo milele. Ukurasa ukaishia na maneno kwamba adhabu hii alipewa kwa sababu ya, na hapo karatasi ikaisha.

Sijui nikwelezeje. Miezi ile yote nilipewa pole na watu wengi, na hakuna aliyejua kiu yangu. Sasa mtu wa nchi nyingine, wa zamani hata tarehe haijulikani, amesimama mbele yangu maji kidevuni. Nilitaka kujua alifanya nini. Nilitaka kwa nguvu, kama ninavyotaka maji. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Sudi afe kwamba nilitaka kitu kisichokuwa yeye.

Alhamisi ile nikamwendea Bi Mwanakombo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Viazi nimekatazwa kukuuzia, Saada kanambia."

"Sitaki viazi, Bi. Nataka karatasi."

"Karatasi!" Akaacha mwiko ndani ya karai. "Basi leo nimeona. Watu hula viazi wakatupa karatasi, wewe waja kutupa viazi ule karatasi?"

Akavuta kitabu kutoka chini ya meza. Hakikuwa na jalada, na kilikuwa kimechanwa huku na huku, maana yeye alichana popote mkono ulipofika. "Kama ni cha dini niambie, nipate kutubu," akasema.

"Si cha dini. Ni ngano za Wayunani."

"Ah. Basi Wayunani washaliwa nusu. Chukua waliobaki, uniletee magazeti."

Nikawa nasoma kitini, kamusi ya zamani ya Saada mapajani. Neno moja, neno jingine, ukurasa mmoja kwa saa nne. Kiti cha pili kulikuwa na Mzee Mutua, Mkamba, aliyeendesha malori ya makontena kutoka Kipevu kwenda bara mpaka miguu ilipomkataa. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, lakini Kiingereza alikijua kuliko mimi.

"Mama, hiyo ni kitabu ama ni samosa? Inanuka mafuta."

"Ni kitabu, Mzee. Hili neno maana yake nini?"

Akaniambia. Baadaye akawa anadai. Sindano zikishaingia tu, anasema, "Haya, leo nani amegeuzwa mti?" Nikamsimulia kwa namna yetu, naye akicheka mpaka mashine inalia na muuguzi anakuja kutukanya. Kaka yangu Omari alipogundua alinuna. "Dada, wewe mgonjwa hivi, unasoma miungu ya makafiri?" Nikamwambia, "Kaka, hata ngano za sungura si ibada." Nilishangaa sauti yangu mwenyewe.

Upepo wa kusi ulipokuwa umeshika, hali yangu ilianza kudhoofika. Daktari akasema mashine inanishikilia, hainiponyi, na kwamba jamaa akipatikana wa kutoa figo nitapata miaka. Saada alikuwa amekaa kando yangu.

"Nipimeni mimi," akasema.

Kaka Omari alikuja siku hiyo hiyo. "Mtoto hajaolewa! Nani ataoa msichana mwenye kovu toka hapa mpaka hapa?"

"Mjomba," Saada akasema, "atakayeuliza habari ya mbavu zangu kabla ya kuniona usoni, mwambie nyumba si hii."

Mimi ndani nilikuwa nimeshakataa. Nimemzika mmoja. Nimkate wa pili ili mimi ninywe maji?

Na wiki hiyo, katika mabaki ya kitabu, nikaipata sababu ya Tantalo. Alikuwa akialikwa karamu na miungu, na siku moja akawaalika yeye. Akataka kuwajaribu kama wanajua kila kitu. Akamchukua mwanawe, Pelopsi, akamchinja, akampika, akawaandalia mezani. Ndiyo maana aliwekwa majini na kiu. Ukurasa uliofuata ulikuwa umechanwa.

Nilikifunga kile kitabu. Nilikuwa nimempenda mtu yule. Nilimwona ndugu yangu. Sasa nikaona nimeonywa: anayelisha mwili wa mwanawe ili ajinufaishe, kiu yake haiishi. Nikarudi nyumbani nikamwambia Saada kwamba sitaki, na asiniulize tena.

"Kwa nini, Mama?"

"Sitaki tu."

"Daima ni sitaki tu," akasema. Akaingia chumbani kwake. Siku nne alinipimia maji asubuhi bila neno, akatoka.

Jumatatu nikamsimulia Mzee Mutua yote, ya Tantalo na ya Saada pamoja. Alikuwa amedhoofu wakati huo, ngozi imekuwa rangi ya majivu.

"Huyo mzee," akasema macho yamefumba, "aliuliza kijana?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama anakubali kupikwa."

"Haikuandikwa."

"Basi hakuuliza. Sasa wewe, msichana amekuja mwenyewe, anasema chukua, na wewe unakataa. Hiyo ni hadithi ingine, Mama. Usiweke kontena kwa lori lisilo lake." Akavuta pumzi. "Na kijana alienda wapi? Ulimaliza?"

"Ukurasa umechanwa."

"Kwani Mombasa nzima kuna kitabu moja? Nenda maktaba."

Maktabani sikuwahi kuingia maishani mwangu. Nilidhani huingia watu wenye vyeti. Alhamisi, baada ya mashine, nilikwenda na bandeji mkononi, kichwa chepesi kama siku zote baada ya kusafishwa, ukuta na watu vinaelea. Nilisimama mlangoni mpaka nikaona haya ya kusimama. Kijana wa kike mezani akanikaribisha. Nikamwambia nataka kujua mtoto aliyepikwa na babake mambo yake yaliishia wapi.

Hakushtuka. "Wa Wayunani? Waliopikwa ni wengi, Mama. Wa nani?"

"Wa Tantalo."

Akaniletea kitabu chenye jalada, akanivutia kiti chini ya feni. Nikasoma na kamusi mpaka adhuhuri ikapita. Nitakueleza kama nilivyoelewa.

Miungu waliijua nyama ile mara moja, wakaondoa mikono wasile. Mmoja tu ndiye aliyekula. Alikuwa Demeta, mungu wa mavuno, aliyekuwa amepotelewa na binti yake. Alikuwa na huzuni hata hakuangalia kilichowekwa mbele yake. Alikula bega. Kisha miungu wakakusanya vipande vya mtoto, wakamrudisha hai, na palipokosekana bega wakamwekea la pembe ya ndovu. Akakua kijana mzuri, akaoa, akawa mfalme, hata nchi ikaitwa kwa jina lake. Bega lake jeupe lilionekana, na hakuna aliyemhurumia kwalo.

Nikarudi juu nikasoma tena pale pa Demeta. Kitabu hakikumlaumu. Kilisema tu kwamba alikuwa na msiba na hakuangalia.

Muda wote nilikuwa najiuliza kama mimi ni Tantalo. Sikuwa Tantalo. Mimi nilikuwa yule mama mezani. Tangu Sudi afe nilikuwa nimekaa mbele ya binti yangu, naletewa, nakula, siangalii. Alikuwa anataka kusomea ualimu. Mambo hayo yaliisha lini, sikujua. Alikuwa na rafiki aliyekuja kila Jumapili. Haji tena, kwa nini, sikujua. Nilijua jinsi mtu wa kale alivyosimama ziwani, na sikujua mwanangu anafanya nini kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa nimeshakula bega lake, polepole, na hakuna kisu kilichoonekana. Nililia pale maktabani. Tangu arubaini ilikuwa mara ya kwanza. Kijana yule akaniletea glasi ya maji kwa wema wake, nami nikamwambia ahsante, siwezi, nikaishika tu ipoze mkono.

Jioni Saada aliporudi nilimwita akae uani.

"Abee, Mama."

"Kule kiwandani, unashona nini?"

Akanitazama kama niliyeuliza jina lake. "Nguo."

"Nguo gani?"

"Suruali za kupeleka ng'ambo ya bahari."

"Suruali nzima?"

Akaanza kutabasamu bila kutaka. "Si nzima. Nashona mfuko wa nyuma."

"Yote miwili?"

"Wa kulia peke yake. Wa kushoto anashona mwingine." Akacheka, akajifunika mdomo kwa leso. "Mama, miaka mitatu nashona mfuko wa kulia, leo ndiyo waniuliza!"

"Na yule wa kushoto ni nani?"

Basi akanieleza. Alieleza habari ya yule wa kushoto na uchovu wake, msimamizi anayepiga filimbi, ualimu ulivyoishia njiani, na kwamba yule rafiki wa Jumapili alikuwa mchumba, na Saada alimwambia asubiri, naye hakusubiri. Giza likaingia hatukuwasha taa. Mimi nilikuwa nauliza tu. Kila jibu lilikuwa na mlango wa swali jingine.

Mwisho nikamuuliza lile. "Kwa nini unataka kunipa?"

"Nimechoka kukupimia maji," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Na nataka uwepo. Sitaki kubaki na makaburi mawili ya kufagia. Ni kwa ajili yangu, Mama, si kwa ajili yako peke yako."

"Unaogopa?"

"Sana."

"Nami naogopa. Tukapime."

Walimpima mpaka nikadhani watamaliza damu yake. Walimweka faraghani, wakamuuliza bila mimi kama kuna anayemlazimisha. Nilifurahi walipomuuliza. Ikaonekana figo yake inanifaa, tukapangiwa safari ya kwenda kupasuliwa. Kaka Omari hakukubali, lakini alibeba mikoba yetu mpaka kituo cha basi, na kwake hiyo ni hotuba ndefu. Wiki moja kabla ya safari nilifika nikakuta kiti cha Mzee Mutua kimetandikwa shuka mpya na mtu mwingine yuko juu yake. Sikuuliza. Kisha nikajikaripia, nikamfuata muuguzi nikauliza, akaniambia, na nikapata kumlilia kwa jina lake.

Tulipasuliwa katika hospitali kubwa huko bara, kwenye baridi, mvua za vuli zikigonga madirisha. Tulilazwa wodi mbalimbali. Mwaka umekwisha sasa. Vidonge nameza kila siku na nitameza mpaka kufa, mikono inanitetema, uso umekuwa wa duara, na sindano ya kofia siku nyingine hunishinda. Sikufichi hayo. Lakini ukiniuliza nilipona lini, sitakutajia siku ya kisu.

Ilikuwa siku ya tatu baada yake. Mlango ulifunguka, na Saada akaingia kwa miguu yake, amejikunja upande, mkono mmoja ukutani, mwingine ubavuni, anatembea kama mwanamke wa miaka themanini. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu. Alijaribu kuuvaa uso wake wa kila siku, ule wa hakuna neno.

"Unaumwa," nikasema.

Akatikisa kichwa kukataa. Kisha midomo ikamcheza. "Naumwa, Mama. Naumwa sana."

Sikumwambia apige moyo konde. Sikumwambia ashukuru. Nilisogea nikampa nafasi, nikamuuliza ni wapi hasa, ni kama kuungua au kama kuvutwa, na anapokohoa inakuwaje. Akauchukua mkono wangu akauweka mahali penyewe, juu ya bandeji, akaanza kunieleza.